Aliyeteleza na aliyeanguka: uchambuzi wa kisa cha jina lililosahauliwa

Kuhusu kisa hiki

Haya yalitokea katika kanisa moja la Likoni, Mombasa. Wahusika wawili wakuu wameyasoma na kukubali yasimuliwe, kwa sharti kwamba majina yao, dhehebu lao na mtaa wao visitajwe. Nimewaita Mama na Katibu. Mambo madogo yasiyogusa kiini nimeyabadilisha wasije wakatambulika. Mimi ni mzee wa kanisa niliyeombwa kuketi nao baada ya mambo kuharibika, na ninaandika kwa ajili ya viongozi wa vikundi vya akina mama, vya vijana na vya jumuiya, wale ambao kila wiki hukabidhiwa majina, michango na haja za watu wengine.

Tunapofundisha msamaha huwa tunazungumzia wizi, uzinzi na masengenyo. Kusahau hatukuhubiri, pengine kwa kuwa kunaonekana jambo dogo. Nimeketi na watu wengi waliokosana, na naweza kusema kwamba undugu mwingi ulipoa kwa sababu ya jambo ambalo mmoja alilisahau na mwingine hakuweza kulisahau.

Usuli

Mama ni mjane aliyevuka miaka sitini. Asubuhi huuza mahamri na mbaazi kwenye kibanda kando ya barabara ya kwenda kivukoni, na analea wajukuu wawili. Kwa zaidi ya mwaka mtoto wa jicho alikuwa amemtanda macho yote mawili, la kulia zaidi. Mafuta yaliyopata moto aliyajua kwa mlio wake. Noti alizitambua kwa kuzipapasa, na ujumbe wa M-Pesa alisomewa na mjukuu.

Mtoto wa jicho ni ukungu unaoingia kwenye lenzi iliyo ndani ya jicho. Hakuna dawa ya matone inayouondoa. Daktari huitoa lenzi iliyochakaa na kuweka ya bandia, kwa kawaida jicho tu likiwa limetiwa ganzi, na mara nyingi mgonjwa hurudi kwake siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kinachomtenga maskini na kuona kwake mara nyingi ni pesa na nafasi katika foleni. Ilipotangazwa kambi ya macho ya bure upande wa kisiwani, jina kuwemo kwenye orodha ya kanisa lilikuwa jambo zito sana kwa mtu kama yeye.

Katibu ana miaka arobaini na kitu, ni karani katika kampuni inayoshughulikia mizigo ya bandarini. Alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama, katibu wa kamati ya harusi ya kijana mmoja wa kanisani, na ndiye aliyekusanya michango kila kulipotokea msiba. Mwezi huo mama yake mzazi alikuwa amelazwa hospitali huko kwao bara, naye alikuwa akishinda kwenye simu usiku na kwenda kazini asubuhi.

Utaratibu ulikuwa huu: anayehitaji kambi alete kopi ya kitambulisho kwa Katibu, na orodha itumwe Jumatano jioni. Asiye kwenye orodha hataonwa. Matangazo yote ya kikundi yalipitia WhatsApp. Mama ana simu ya kabambe, isiyoingia WhatsApp, kwa hiyo hayumo.

Mambo yalivyotokea

Jumapili baada ya ibada, Mama alimkuta Katibu mlangoni akampa kopi yake mkononi. Dakika hiyo hiyo alifika mjumbe wa kamati ya harusi na bahasha ya michango, akataka zihesabiwe papo hapo kwa kuwa alikuwa anasafiri. Katibu akaanza kuhesabu. Kopi ikaingia katika bahasha pamoja na noti, bahasha ikaingia mkobani. Jumatano usiku aliandika orodha akitumia karatasi zilizokuwa kwenye faili na jumbe zilizokuwa kwenye simu. Jina la Mama halikuwa huku wala kule.

Siku ya kambi Mama hakukaanga mahamri. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akavuka kwa feri pamoja na mjukuu aliyekosa shule ili amshike mkono. Feri haimtozi aendaye kwa miguu, lakini matatu ya ng'ambo hutoza, na siku isiyo na mauzo hutoza zaidi ya matatu. Wakakaa foleni hadi karibu na adhuhuri. Aliyekuwa na orodha aliipitia mara mbili kwa upole, akamwambia angoje labda patapatikana nafasi. Haikupatikana.

Jioni mjukuu alimpigia simu mwenyekiti wa kikundi. Mwenyekiti akamuuliza Katibu, na Katibu akajibu kwenye WhatsApp ya kikundi, mbele ya wote, kwamba Mama hakuleta kopi, huenda alisahau, umri nao. Hakuwa akidanganya. Alikuwa amesahau kupewa kwenyewe. Zikafuata pole nyingi: pole Mama, uzee una mambo yake, tumsaidie kukumbuka safari nyingine. Maneno hayo yalimfikia Mama kesho yake asubuhi, kibandani, kupitia mteja.

Mama alisema alipeleka, tena mkononi. Wapo waliokumbuka kuwaona wakizungumza mlangoni, lakini hakuna aliyeiona karatasi. Akaacha kuja mikutano ya Alhamisi. Jumapili aliketi nyuma na kuondoka kabla ya baraka.

Wiki moja na siku kadhaa baadaye, Katibu alikuwa akifunga hesabu za harusi. Aliikung'uta ile bahasha, kopi ya kitambulisho ikaanguka mezani.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulifanywa na mtu mmoja usiku, nyumbani kwake, na ndio uliobeba mengine yote. Katibu alinieleza kwamba wazo la kwanza lilikuwa kuichana. Hapakuwa na shahidi. Maneno yalikuwa yameanza kupoa. Na kulikuwa na jambo ambalo hakulijua wakati ule, mimi nililisikia baadaye na lingali linaniuma: Mama mwenyewe alikuwa ameanza kumuuliza mjukuu kama kweli alipeleka. Katibu hakuichana. Alimpigia mwenyekiti usiku huo huo. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Nilikuwa namnyang'anya mtu mzima akili zake kwa jambo alilolikumbuka sawasawa."

Mwenyekiti alimwambia aende kwa Mama mwenyewe, akitaja Mathayo 5:23, pale Bwana anaposema mtu akifika madhabahuni na huku akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka akapatane naye kwanza. Andiko lilikuwa sahihi kabisa. Wakati ndio haukuwa. Katibu alipita kibandani alfajiri akielekea kazini, wateja wamesimama, mafuta yanachemka. Aliomba msamaha haraka, akaeleza kuhusu bahasha, kuhusu kazi, kuhusu mama yake aliyelazwa. Mama akamjibu, "Nimekusamehe, mwanangu. Nenda, usije ukakosa feri." Katibu akawaambia wenzake yamekwisha.

Mama hakurudi Alhamisi hiyo, wala iliyofuata.

Kikundi kikaamua kutuma wajumbe wawili kumbembeleza. Mmoja wao, kwa nia njema, akamwambia, "Mama, kuteleza si kuanguka." Mama akajibu, "Aliyeteleza ni yeye. Aliyeanguka ni mimi." Wajumbe walirudi wamekasirika. Mkutanoni likatolewa pendekezo kwamba Mama aombewe afunguliwe kutoka katika roho ya uchungu, na hapo mwenyekiti akanipigia simu.

Niliomba sala hiyo isubiri. Mama alikuwa ametamka msamaha, na tangu autamke hakuna aliyemuuliza nini kimebaki. Kumwombea mtu afunguliwe kabla ya kumsikiliza ni kumfunga mara ya pili, tena kwa jina la Mungu.

Nilimwendea alasiri, kibanda kikiwa kimefungwa. Habari ya jicho hakuilalamikia sana. Alisema kambi nyingine itakuja, na Mungu ndiye mwenye macho. "Lakini mzee," akaniambia, "pale waliposoma kwamba uzee umenishika, hapo sijarudishwa." Akanieleza pia kwamba kila usiku akisali Sala ya Bwana alikuwa akifika kwenye kusamehe waliotukosea, ananyamaza, kisha anaendelea na mstari unaofuata. Nilimuuliza kama anataka Katibu aondolewe kwenye nafasi yake. Alikataa kwa nguvu: "Akiondolewa, watasema mimi ndiye niliyemwondoa."

Basi ikaamuliwa kwamba marekebisho yafanyike mahali pale pale palipoharibikia, yaani mbele ya kikundi, na pia kwenye WhatsApp. Katibu aliogopa. Aliandika maneno yake kwanza, na nusu ya ukurasa ilikuwa sababu: kazi, mgonjwa, bahasha, yule mjumbe aliyekuwa na haraka. Sababu zote zilikuwa za kweli. Mwenyekiti alimwomba aziweke kando, amwachie yeyote atakayetaka kuziuliza. Nilikubaliana naye, kwa kuwa msikilizaji aliyeumizwa hawezi kupokea toba na utetezi kwa pumzi moja.

Alhamisi hiyo Mama alikuja. Katibu alisimama akasema: "Mama aliniletea kopi siku ile ile aliyosema. Niliitia kwenye bahasha nyingine nikasahau. Halafu niliwaambia ninyi kwamba yeye ndiye aliyesahau. Kumbukumbu yake ilikuwa sahihi. Yangu ndiyo iliyokosa. Mama, naomba unisamehe." Mama aliinuka, akamshika mkono, akasema, "Sasa nimesikia." Hakuna aliyepiga makofi wala kuimba. Tuliendelea na ajenda.

Uamuzi wa mwisho ulihusu gharama. Katibu alitaka kulipa kila kitu mwenyewe: nauli, mauzo ya siku iliyopotea, na safari ya kambi itakayofuata. Mwenyekiti alikataa asilipe yote. Orodha ilikuwa ya kikundi, na kikundi ndicho kilichompa mtu mmoja mizigo mitatu kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kuibeba. Wakachanga wote, na Katibu akachukua siku moja isiyo na mshahara ili amsindikize Mama mwenyewe.

Matokeo

Miezi kadhaa baadaye Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia katika kambi nyingine. Alipofunguliwa bandeji na kurudi kibandani, jambo la kwanza alilolalamikia ni masizi yaliyojaa ukutani ambayo hakuna aliyemwambia. La kushoto linangoja zamu.

Amerudi kwenye mikutano. Yeye na Katibu husalimiana vizuri na huketi benchi moja. Hata hivyo Mama hampi mtu yeyote karatasi siku hizi kabla mjukuu hajaiandika kwenye daftari lake: tarehe, na nani aliyepokea. Katibu alijiuzulu kamati ya harusi, akabaki katibu wa kikundi. Mjumbe aliyetumia ile methali alihama kikundi, akisema Katibu alidhalilishwa kwa ajili ya kikaratasi. Tumemtembelea, hajarudi.

Uchambuzi

*Kusahau kwenyewe*

Nianze kwa kumtetea Katibu, kwa kuwa anastahili. Jambo tunalokusudia kulifanya baadaye halikai akilini likitugongea saa zote. Linahitaji kitu cha kuliamsha: karatasi kwenye faili, ujumbe kwenye simu, sura ya mtu. Katibu alikatizwa dakika ile ile alipopokea, na kile ambacho kingemwamsha kilikuwa kimefichwa na bahasha. Ongeza usiku usio na usingizi na mzazi mgonjwa. Mtu yeyote kati yetu angesahau. Hapakuwa na dharau moyoni mwake, na kumhukumu kwa dharau kungekuwa kumshuhudia uongo.

Wapo waaminio kwamba ukimpenda mtu huwezi kumsahau. Maandiko hayasemi hivyo. Isaya 49:15 inauliza kama mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, na jibu ni kwamba hao waweza kusahau. Asiyesahau ni Mungu peke yake. Kumdai karani wa bandarini kile ambacho nabii hamdai mama anyonyeshaye ni ukatili uliovaa nguo za upendo. Zaburi 103:14 yasema Mungu "anatujua umbo letu, na kukumbuka ya kuwa sisi tu mavumbi." Nimeishika sana hiyo. Katika kukumbuka kwake, Mungu anakumbuka udhaifu wetu, na mwenye kusamehe usahaulifu wa mwenzake anafanya jambo hilo hilo kwa kipimo kidogo.

*Nani husahauliwa*

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami, kwa maana tukiishia hapo juu tutakuwa tumemsamehe Katibu na kumwacha Mama palepale alipo.

Mkuu wa wanyweshaji katika Mwanzo 40 alimsahau Yusufu gerezani kwa miaka miwili mizima. Katika miaka hiyo sidhani kama alisahau kikombe cha Farao hata siku moja. Alisahau mfungwa, mgeni, kijana wa Kiebrania asiyeweza kumpandisha cheo wala kumshusha. Tunaweza kusahau bila kukusudia, na bado usahaulifu wetu ukawa na upande unaouelekea. Huwaelekea wale ambao kuwasahau hakutugharimu.

Bahasha ya harusi ilikuwa na watu nyuma yake: familia mbili, kamati, wachangiaji, tarehe iliyotangazwa. Ingepotea, simu zingelia siku hiyo hiyo. Nyuma ya kopi ya Mama palikuwa na mjukuu na simu ya kabambe. Sisemi Katibu aliyapima haya. Nasema hakuhitaji kuyapima, yalijipima yenyewe. Tulipozipitia orodha za mwaka mzima, za bima, za msaada wa karo, za semina, tulikuta majina mengine yaliyoachwa, na wengi wao walikuwa watu wasiokuwa kwenye WhatsApp. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika.

Kanisa la kwanza lilipatwa na jambo hili hili. Matendo 6:1 inasimulia manung'uniko ya Wayahudi wa Kiyunani dhidi ya Waebrania kwa sababu "wajane wao walisahauliwa katika huduma ya kila siku." Angalieni walichokifanya mitume. Hawakuwaambia wajane wavumilie. Hawakuwaombea wafunguliwe kutoka katika manung'uniko. Wala habari haisemi walimtafuta aliyekosa ili wamwadhibu. Walikiri kwamba kazi imewazidi, wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye kushuhudiwa wema. Majina yote saba ni ya Kiyunani, na mmoja wao, Nikolao, anatajwa kuwa mwongofu wa Antiokia. Yaonekana meza ilikabidhiwa kwa watu wa upande ule uliosahauliwa. Sijui mfano mwingine ulio bora kuliko huo kwa kiongozi wa kikundi. Kusamehe aliyesahau na kubadilisha utaratibu uliomsahaulisha vilikwenda pamoja, na hakuna kimoja kilichosubiri kingine.

*Kilichofaa*

Kukiri mahali pale pale. Kosa lililosemwa mbele ya wengi halirekebishwi kibandani alfajiri. Mnyweshaji alipokumbuka, alisema mbele ya Farao mwenyewe, "Nayakumbuka makosa yangu leo," na maneno hayo ndiyo yaliyomtoa Yusufu. Mtume Paulo naye, katika 1 Wakorintho 1, anasema kwa uthabiti kwamba hakubatiza mtu Korintho isipokuwa Krispo na Gayo. Mistari miwili baadaye anakumbuka kwamba aliwabatiza pia watu wa nyumbani mwa Stefana, kisha anaongeza kwamba zaidi ya hao hajui kama alimbatiza mwingine. Hakuufuta mstari wa kwanza ili aonekane mwenye kumbukumbu kamili. Marekebisho yamebaki ndani ya waraka, na kanisa limeyasoma hivyo karne hadi karne. Viongozi wanaoogopa kwamba kukiri usahaulifu kutawaondolea heshima wausome ukurasa huo polepole.

Kuziweka sababu kando kulifaa pia, ingawa najua wengine wataona ni ukali. Katibu alipata nafasi ya kuzieleza baadaye. Mama mwenyewe ndiye aliyemuuliza habari za mgonjwa wake, na wakazungumza muda mrefu.

*Kilichoshindikana*

Msamaha wa kibandani. Mama hakudanganya aliposema amesamehe. Alisema kile ambacho mwanamke wa heshima husema mbele ya wateja kwa mtu anayekimbilia feri. Tuliokuwa nje tuliyachukua maneno hayo kama risiti, na kila alipoonyesha kwamba bado anaumia tukamwonyesha risiti yake. Wakolosai 3:13 inatanguliza "mkichukuliana," ndipo "na kusameheana." Kuchukuliana huchukua muda, na mwenye kuombwa msamaha ana haki ya kupewa muda huo.

Ile methali ilishindwa kwa sababu ilisemwa na asiyeanguka. Kama ingetoka kinywani mwa Mama akimwambia Katibu, ingekuwa zawadi.

Na lile neno "umri." Nalitenga peke yake kwa kuwa ndilo lililoumiza kuliko orodha, na kwa sababu hapa Pwani lina hatari yake. Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mzee akianza kusemwa kwamba akili zake hazimkai vizuri, hajui maneno hayo yatamfikisha wapi. Kiongozi wa kanisa asilitumie kwa wepesi, hata kwa mzaha wa mapenzi.

Hilo linanipeleka kwa jambo jingine. Upo usahaulifu ambao ni ugonjwa. Mtu anayepotea njia ya nyumbani kwake, anayeuliza swali lile lile kila dakika chache, au anayeshindwa na kazi aliyoifanya maisha yake yote, apelekwe hospitali. Wakati mwingine chanzo ni kitu kinachotibika, kama tezi ya shingoni kutofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12 au huzuni nzito. Wakati mwingine ni kuzorota kwa ubongo kusikokuwa na tiba ya kukuponya, na hapo familia inahitaji watu wa kupokezana nayo. Huko hakuna kosa la kusamehewa. Kumwambia mgonjwa "nimekusamehe" ni kumpa hatia asiyokuwa nayo.

*Daftari*

Baada ya kisa hiki kikundi kilianzisha daftari la mapokezi. Karatasi hupokewa na watu wawili, jina huandikwa papo hapo, mleta huweka sahihi au dole gumba na hutajiwa siku orodha itakaposomwa kwa sauti mkutanoni kabla ya kutumwa. Mmoja wa wapokeaji wawili lazima awe mtu asiye na simu ya intaneti. Wapo waliosema kanisa si ofisi, na kwamba ndugu wanaopendana hawaandikiani. Nawaelewa, lakini katika Hesabu 15 Mungu aliwaagiza Waisraeli waweke vishada kwenye ncha za nguo zao ili wakiviona wayakumbuke maagizo yake. Aliyeumba akili zetu hakuona aibu kutupa kitu cha kutukumbusha. Daftari linamlinda Mama asisahauliwe, na linamlinda Katibu asibebe kichwani kile ambacho kichwa cha mtu mmoja hakiwezi kubeba.

Swali nililoulizwa mara nyingi ni hili: je, akisahau tena? Petro aliambiwa saba mara sabini, na hilo ni la moyo. Halisemi kwamba mtu yule yule akabidhiwe orodha ya wagonjwa mara mia nne na tisini. Anaweza kusamehewa leo na kazi ikapewa mwingine leo hiyo hiyo, bila uchungu, alimradi aambiwe wazi kwamba hivyo ni viwili tofauti. Anayesahau mara kwa mara kwa kuwa hajali naye ni wa kuonywa, kama Mathayo 18 inavyoelekeza, yeye na aliyekosewa peke yao kwanza.

Liko jambo ambalo bado halijakaa sawa. Wasiokuwa kwenye WhatsApp sasa hupelekewa matangazo kwa miguu na wajumbe wanne, lakini watatu kati yao wanaishi upande mmoja wa barabara kuu, na nyumba za bondeni bado hazina mtu wa kuzipitia. Mama amejitolea kuzipitia yeye jicho la kushoto likishafanyiwa upasuaji. Mwenyekiti anataka mtu apatikane kabla ya hapo, na suala hilo limewekwa kwanza kwenye ajenda ya Alhamisi ijayo.